Bata wa Mama Kalista

Zenon hakuzaliwa karibu na maji. Alizaliwa Mpui, juu kwenye nyanda za Ufipa, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi ambao maji mengi kuliko yote waliyoyajua ni yale ya kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe mawili. Baba yake hakujua kuogelea, mama yake hakujua kuogelea, na yeye mwenyewe mpaka leo, na miaka yake hamsini na miwili, hajui. Aliteremka Bonde la Rukwa akiwa kijana, kubeba nguzo za kituo cha askari wa wanyamapori kilichokuwa kinajengwa ukingoni mwa ziwa, ndani ya pori la akiba. Nguzo zilipokwisha, wenzake walipanda mlima kurudi kwao. Yeye alibaki. Walimpa kwanza kazi ya kufyeka, kisha ya kulinda mitumbwi, kisha wakamvalisha sare ya askari wa kijiji. Na kwa kuwa aliuogopa ule mtumbwi na kuusukuma kwa adabu kubwa, wageni wote walitaka kubebwa na yeye.

Mgeni mmoja alimwachia kitabu cha ndege chenye picha. Zenon hakuwa msomaji, lakini kile kitabu alikipitia mpaka kurasa zikaanza kuchomoka. Alimjua korongo kwa mwendo wake na mnandi kwa anavyokausha mabawa. Bata aliwajua wote, hata wale wanaofanana kama mapacha. Mwaka ambao binti yake wa kwanza, Kalista, alikuwa anaanza darasa la kwanza, bata mmoja mdogo mwenye rangi ya majani makavu aliruka mbele ya mtumbwi uliobeba wataalamu wawili, na Zenon ndiye aliyenyoosha kidole. Ndege yule alipofungua mabawa, mgongo wake ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Mtaalamu mmoja aliwahi kupiga picha moja tu, yenye ukungu, kabla ndege hajapotea nyuma ya matete.

Alikuwa bata wa mgongo mweupe, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa ameandika kumwona upande ule wa ziwa. Picha ilirudi kutoka mjini ikiwa kwenye fremu, na chini yake yameandikwa maneno mafupi: Aliyemwona kwanza, Zenon. Ikatundikwa ofisini, ukutani, juu ya meza ya mkuu wa kituo. Tangu siku hiyo akaitwa Zenon wa Bata, na kila Januari, timu ya sensa ya ndege wa majini ilipofika, jambo la kwanza waliloulizia ni yeye.

Hilo ndilo jambo alilolipenda kuliko yote maishani, ingawa hakuwahi kulisema. Alipenda gari likisimama na mlango ukafunguliwa na mtu wa mbali akauliza, mzee Zenon yupo? Alipenda kuketi mbele ya mtumbwi, watu wenye shahada wakingoja aseme. Yule bata hakuonekana tena. Mwaka hata mwaka Zenon aliwapeleka kwenye midomo ya mito, kwenye visiwa vya magugu, kwenye maji ya wazi ambako viboko hulala, na mwaka hata mwaka walirudi na idadi ya bata wengine. Hakuna aliyemlaumu. Kutafuta kwenyewe kulikuwa kazi yake, na kazi ile ilikuwa yake peke yake.

Mkewe, Anjela, ndiye aliyekuwa anapika chai na maandazi ya timu hiyo. Alikuwa pia wa Mpui, mwenye maneno machache, mfuma mikeka. Alikuwa na kibali cha kukata mafunjo ukingoni, yeye na wanawake wengine sita wa kijiji, na mikeka yake ilipanda mpaka Sumbawanga, mitaa ya Katandala na Malangali, kwa watu waliojua tofauti ya mkeka na mkeka. Kigangoni alikuwa katibu wa jumuiya, kwa sababu ya mwandiko wake. Kwa habari za ndege, Zenon hakuwahi kuzungumza naye. Ilikuwa kazi ya ofisi.

Januari ya mwaka juzi timu ililetwa na mtaalamu kijana, mwanamke, jina lake Faith. Siku ya pili yule aliyekuwa anaandika idadi akashikwa na malaria. Faith akauliza kama pale kituoni kuna mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mkuu wa kituo, Meshack, akacheka, akasema wanaume wake wote wanaandika kama kuku aliyekanyaga majivu, ila mama Kalista anaandika kama mwalimu. Basi Anjela akavua aproni, akafunga kitenge chake vizuri, akapanda mtumbwini akiwa na ubao wa kuandikia magotini.

Zenon hakuona ubaya wowote. Alifurahi hata, kwamba mkewe sasa ataona kazi yake. Saa ya kwanza alihesabu kwa sauti ya mbele ya watu: bata bukini arobaini na wawili, membe kumi na wanane. Anjela aliandika. Kisha, kwenye kundi moja lililokuwa limelala mchangani, Zenon akasema sitini, na Anjela, bila kuinua kalamu, akasema kwa upole kwamba kuna wengine tisa nyuma ya gogo. Faith akaweka darubini machoni. Walikuwa tisa.

Lilikuwa jambo dogo. Lakini Zenon alilibeba mchana kutwa kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu.

Kesho yake, wakiwa wametia nanga kivulini wanakula maandazi, Faith alifungua kitabu chake kipya na kumwonyesha Anjela picha ya bata wa mgongo mweupe. Alimwonyesha kwa heshima tu, ili mama naye ajue wanachokitafuta. Picha ile haikuwa ya ndege anayeruka. Ilimwonyesha akielea, mgongo umefunikwa na mabawa, kichwa kina madoadoa, na kando ya mdomo kuna alama nyeupe kama tone la maziwa.

Anjela akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Haka kabata? Mbona kapo Kasitu."

Kasitu ni hori jembamba, mkono wa ziwa kusini mwa kituo, lililozibwa na mafunjo mbele na kujaa mayungiyungi ndani. Mitumbwi ya wageni haiendi kule kwa sababu hakuna cha kuona. Meshack, aliyekuwa amewasindikiza siku hiyo, alitabasamu. Zenon alicheka, na alicheka zaidi ya ilivyohitajika. Akamweleza Faith kwamba wanawake wanaokata mafunjo huwaona kukuziwa, ndege wadogo wa majini, wengi kule, na kwa mtu asiyezoea ni rahisi kuwachanganya.

"Kukuziwa namjua," Anjela akasema. "Huyo si kukuziwa."

Faith akasema waende tu, ni karibu.

Waliingia Kasitu kwa mkono, wakiyasogeza mafunjo. Ndani maji yalikuwa meusi na yametulia. Zenon alisimama nyuma na upondo wake wa kusukumia mtumbwi, akatazama kila mahali, akaona majani ya yungiyungi, maua, na majani tena. Alianza kufikiri maneno ya upole ya kumwondolea mkewe aibu. Ndipo Anjela akaugusa mkono wa Faith na kuelekeza kwa kidevu, kama wanawake wanavyoelekeza kitu wasichotaka kukishtua. Faith akainua darubini. Zenon aliona mabega ya yule binti yakipanda na kushuka.

Walikuwa wawili, katikati ya majani, wamekaa chini majini hata nusu ya mwili haionekani. Zenon alipewa darubini baada ya Faith, baada ya Meshack. Alipowapata, mmoja alikuwa anazama. Akaliona lile tone la maziwa kando ya mdomo, kisha maji yakafunga.

Faith alimkumbatia Anjela mpaka mtumbwi ukayumba. Akamuuliza amewaona tangu lini. Anjela akafikiri, akasema tangu Kalista yuko darasa la tatu. Huja mvua zikishakolea, hutagia kwenye kichaka kile cha matete upande wa kushoto, na sasa hivi pale pana kiota, kwa sababu mmoja huwa anaingia na mwingine anatoka.

Kalista wakati huo alikuwa chuo cha uuguzi, Sumbawanga. Zenon alipiga hesabu hiyo akiwa amesimama na upondo mkononi. Ilikuwa miaka kumi. Januari kumi alizowazungusha watu ziwani jua kali, na mke wake alikuwa anajua.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza, na sauti yake haikutoka kama alivyotaka.

Anjela akageuka. Hakuwa na kejeli hata kidogo usoni. "Wewe ulikuwa unatafuta mwenye mgongo mweupe, baba Kalista. Hawa mimi sijawahi kuwaona mgongo mweupe."

Faith aliandika kwenye kitabu chake, na akaandika jina la Anjela. Kuhusu kiota alisema wasikisogelee. Ndege huyu akishtuliwa akiwa kwenye mayai anaweza kuondoka asirudi. Yeye atamalizia sensa upande wa kaskazini, kisha Jumanne ya wiki ya pili atarudi na mkubwa wake na kamera ya kupigia mbali, wakithibitishe. Kuwaona ni habari, alisema, lakini wakithibitisha wanazaliana hapa, hiyo ni habari kubwa zaidi, hata Kasitu itaweza kuwekewa ulinzi wake. Akamgeukia Zenon na kumwomba asimamie jambo hilo, mtu yeyote asiingie mle. Zenon akaitikia.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kwake. Meshack alibandika karatasi chini ya ile fremu, ameandika kwa kalamu ya wino mwekundu kwamba bata ameonekana tena, na ameonwa na Bi Anjela. Gulioni wanawake walianza kumwita mkewe Mama Bata, na Anjela aliitikia akicheka kidogo huku anachagua nyanya. Jumapili katekista alimtaja kwenye matangazo, kati ya habari ya ndoa na habari ya kufagia kanisa. Vijana wa kituoni, ambao zamani walikuwa wanamwambia Zenon, mshikaji wetu wa bata, sasa walimwuliza mkewe anaendeleaje.

Kilichomchoma zaidi kilikuja kwa simu. Kulikuwa na semina ya wahesabu ndege wa vijijini, Iringa, mwezi wa tatu, na kila kituo kilipewa nafasi moja. Wote walijua ya kituo chao ni ya Zenon. Meshack alikuwa amemwambia tangu Novemba atafute viatu. Faith alipiga simu akamwomba Meshack ajaze jina la Anjela. Meshack alimwambia Zenon ofisini, akiangalia pembeni, akaongeza kwamba ni mke wake, si mtu baki, kwa hiyo kitu kimebaki nyumbani mle mle.

Zenon alisema ni vizuri. Akatoka, akaenda kukaa penye mitumbwi.

Tangu hapo kila alichofanya Anjela kikawa kinamkera. Akitulia, Zenon aliona anajidai. Akizungumza, aliona anafundisha. Jioni moja alimwona amesimama mlangoni anawatazama ndege mwari wakipita juu, midomo inacheza kidogo, na akajua anahesabu, na moyo wake ukajikunja. Alipokuwa kijana alikuwa ameona wanaume wakiwaonea wake zao wivu kwa sababu ya wanaume wengine, na alikuwa amewacheka. Angalau wao walikuwa na mtu wa kumchukia. Yeye alikuwa anayaonea wivu macho ya mama wa watoto wake, na hilo huwezi kumwambia mtu yeyote.

Jumapili kabla ya ile Jumanne, Anjela alikwenda kigangoni asubuhi. Zenon alisema ana zamu. Hakuwa na zamu. Alichukua mtumbwi mdogo, akaelekea Kasitu.

Hakwenda kuharibu. Hilo baadaye alilisema mara nyingi, na ni kweli. Alikwenda kuona. Kama kulikuwa na kiota, Anjela alikuwa anakisia tu kwa kutazama mbali. Hakuwa amekiona kwa macho, wala hakujua mayai mangapi. Zenon alitaka Jumanne iwe yeye wa kusema, kwa utulivu, mbele ya yule mkubwa: mayai ni kadhaa, yako mahali fulani. Alitaka kitu kimoja tu ambacho mkewe hakuwa nacho.

Aliusukuma mtumbwi mpaka kwenye kichaka cha matete upande wa kushoto. Hakuona kitu. Akasukuma zaidi. Matete yalikuwa mazito, yakamkata mikono, naye akaegemea upondo kwa uzito wake wote, na pua ya mtumbwi ikapanda juu ya kitu laini. Mbele yake, karibu kiasi cha kumshika, yule bata alitoka. Alikimbia juu ya maji akiyapiga kwa miguu, akafungua mabawa, na mgongo wake ukawaka mweupe juani. Zenon alimwona wazi, hatua kwa hatua, mpaka alipovuka mafunjo. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa na furaha tupu, kama ile ya mara ya kwanza.

Kisha akatazama chini. Pua ya mtumbwi ilikuwa imekilalia kiota. Mkeka wa matete yaliyosukwa vizuri ulikuwa umebinuka, na mayai ya kahawia, makubwa kuliko alivyodhani kwa bata mdogo vile, yalikuwa yanateleza majini moja moja. Alipiga magoti akajaribu kuyaokota. Alipata mawili, moja limepasuka. Yaliyobaki aliyahesabu yakizama. Alirudisha kiota kama alivyoweza, akaliweka lile zima ndani yake, akarudi nyuma polepole akingoja. Alingoja mpaka jua likawa la utosi. Hakuna aliyerudi.

Nyumbani alimkuta Anjela amesharudi, anatenga chakula. Alimwuliza mikono ina nini, naye akasema alikuwa anatengeneza uzio wa kituo.

Jumanne Faith alikuja na mkubwa wake, mzee mmoja mpole mwenye kofia pana. Waliingia Kasitu asubuhi wakakaa muda wa saa nne. Wakaona kukuziwa. Wakaona mdiria na vyura. Mwishoni wakasogea mpaka kwenye kichaka, na kiota walichokikuta kilikuwa kimelala upande, kitupu, kinaweza kuwa cha ndege yeyote. Hata lile yai moja lilikuwa limechukuliwa, labda na kenge. Yule mzee alimwuliza Anjela maswali, taratibu, kwa heshima zote. Je, aliwahi kuyaona mayai? Hapana. Je, aliwahi kuona vifaranga? Mwaka mmoja, kwa mbali. Je, inawezekana walikuwa vifaranga wa kukuziwa? Anjela akasema haiwezekani, kisha akasema hajui. Mzee akasema wataandika kwamba kuzaliana hakujathibitishwa, na wala hilo si kosa la mtu.

Zenon alikuwa nyuma, ameshika upondo. Aliona shingo ya mkewe ikiinama, na kitu ndani yake kikastarehe. Hakujifichia jambo hilo: kwa muda mfupi alistarehe. Ndipo Anjela akanyoosha mkono, akalishika tete moja lililovunjika, akaligeuza vidoleni. Akayatazama mengine, yaliyolalia upande mmoja kama njia. Halafu akageuza kichwa na kuitazama mikono ya Zenon. Akaandika kwenye ubao wake kukuziwa kumi na wanne.

Nyumbani walifika alasiri. Anjela aliketi kwenye kigoda uani, na mkeka uliokuwa haujaisha mapajani, lakini hakufuma.

"Ulienda Jumapili," akasema.

Zenon alikuwa ameandaa maneno mengine njiani. "Nilienda."

"Mayai yalikuwa mangapi?"

"Saba."

Anjela akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikisia sita."

Zenon akangoja apigiwe kelele, na kelele hazikuja. Anjela alikuwa anatazama mafunjo yaliyokatwa yaliyokuwa yanakauka ukutani.

"Aliruka?" akauliza.

"Aliruka."

"Ukauona mgongo?"

"Niliuona."

"Ni mweupe kweli?"

"Mweupe," Zenon akasema. "Mweupe sana, mama Kalista."

Akaona uso wa mkewe ukibadilika, na ilimchukua muda kuelewa, kwa sababu hakutarajia kuuona pale uso ule aliokuwa anauvaa yeye mwenyewe wiki mbili nzima. Miaka kumi Anjela alikuwa anaingia Kasitu kwa uangalifu kiasi kwamba wale ndege hawakuwahi kuruka mbele yake hata mara moja. Yeye Zenon aliingia mara moja kama ng'ombe, akaona. Anjela alikuwa anamwonea wivu. Zenon alikuwa ameutamani wivu huo kwa siku zote zile, na sasa ameupata, haukuwa na ladha yoyote.

Anjela aliinuka, akakunja mkeka. Alimwambia hatamsemea kwa mtu yeyote, hilo ni lake mwenyewe kulisema. Lakini Iringa hatakwenda akiwa mtu anayedhaniwa kuwa aliota tu kile kiota. Akaingia jikoni kuwasha moto.

Kesho yake asubuhi, kabla gari la wataalamu halijaondoka, Zenon aliingia ofisini akiwa amevaa sare kamili. Walikuwemo Meshack, Faith na yule mzee. Aliwaeleza yote, tangu alivyodanganya kuhusu zamu mpaka yai lililopasuka, bila kukwepa, akiwa amesimama chini ya picha yake. Alipofika kwenye sababu, alikwama. Akasema tu kwamba alitaka kuwa yeye. Yule mzee alivua kofia akaishika. Faith hakumtazama mpaka alipomaliza, kisha akamwuliza rangi ya mayai na ukubwa wake, akayaandika akiikandamiza kalamu kwa hasira. Aliandika kiota kilichoharibiwa na binadamu, mayai saba. Kisha, kwenye mstari wa aliyekigundua, akaandika jina la Anjela.

Meshack alimwondoa mtumbwini kwa miezi mitatu. Akamwambia apande kwao, asikae pale akiangaliwa.

Hivyo mwezi wa tatu, Anjela alipokuwa Iringa, Zenon alikuwa Mpui kwa dada yake Bertilla, anapalilia ulezi kwenye baridi na manyunyu. Mgongo ulimuuma, alikuwa amesahau kazi ile. Siku moja jirani alipita akasema amesikia redioni kuna mama wa bondeni anazungumza habari za ndege, na jina ni kama la mke wake. Zenon akasema ndiye. Jirani akasema ana sauti nzuri, akapita.

Zenon aliendelea na jembe hatua chache, akasimama.

"Bado inaniuma," akamwambia Bertilla. "Nilidhani nikishasema itaisha."

Bertilla alikuwa amemzidi miaka tisa na hakuwa mtu wa kubembeleza. Akasema kama inauma basi inauma, lakini ule mstari wa pili nao una magugu. Wakapalilia mpaka mvua ilipowafukuza.

Alirudi kituoni mwezi wa tano. Watu waliacha kumwita Zenon wa Bata, wala hawakumpa jina jingine. Januari iliyofuata wale ndege hawakuja Kasitu, na Anjela alikaa kimya wiki nzima. Januari hii walionekana, mmoja, kisha wawili, si Kasitu bali kwenye maji ya juu zaidi ambako mtumbwi haufiki. Anjela aliwaona akiwa amesimama ukingoni, maji yanamfika magotini. Sasa ndiye anayesimamia hesabu ya vijiji vitatu, na wanawake sita wa mafunjo wana darubini mbili za zamu.

Wageni walikuja kama kawaida. Mmoja wao alitaka kumpiga picha Anjela akiwa mtumbwini, na upepo ulikuwa umeanza, mawimbi mafupi yanapiga ubavuni. Alimwomba Zenon, kwa adabu, asogee kidogo ili mama atoke peke yake. Zenon alisikia kile kitu kikimchoma pale pale pa siku zote. Akashuka majini, yeye asiyejua kuogelea, maji yakamfika kiunoni, akaukita upondo kwenye tope na kuukumbatia ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili ili usiyumbe.

"Umeshika, baba Kalista?" Anjela akauliza bila kugeuka.

"Nimeshika," akasema.